Chembe za nano na saratani ya matiti: ipi ni sayansi, ipi ni biashara?

Ndugu wasomaji wa safu hii ya afya na usafi, leo naomba radhi kwa kuiahirisha mada ya minyoo niliyokuwa nimeiahidi. Kuna jambo limenikuta kazini, na nikiliacha lisubiri nachelea litaendelea kuwaumiza watu.

Alikuja zahanati mama mmoja wa makamo, amefuatana na binti yake. Baada ya kumwamkia, akaniambia ana kinundu kwenye titi la kushoto. Alikigundua akiwa anaoga, wiki moja kabla ya Ramadhani. Siku aliyofika kwangu watu walikuwa wameshaanza kuulizia bei za mbuzi wa Idd el-Hajj, yaani ilikuwa imepita zaidi ya miezi mitatu. Nikamuuliza, "Mama, siku zote hizo ulikuwa wapi?" Binti yake akafungua mkoba na kutoa karatasi zilizobanwa vizuri, za rangi, kama ripoti ya hospitali kubwa.

Hazikuwa za hospitali. Zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye mashine ndogo ya mezani. Unashika kijiti cha chuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta inatoa ripoti ya mwili mzima: ini, figo, moyo, mifupa, mpaka matiti. Mama aliambiwa kwamba mashine ile inatumia "teknolojia ya nano", inaiona kansa bila kukata nyama, na kwamba kinundu chake ni mafuta yaliyoganda tu. Akauziwa chupa tatu za dawa ya kuyayeyusha. Akaonywa pia asikubali kuchomwa sindano ya vipimo, kwa sababu eti uvimbe ukiguswa unasambaa.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hii nano ni kitu cha kweli au tumeibiwa?"

Nikamjibu kwamba yote mawili. Nano ni kitu cha kweli, na umeibiwa. Maelezo niliyompa siku ile yalikuwa ya haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Haya hapa ni marefu zaidi.

Udogo wa nano

Kila aliyepita madrasa na kuhifadhi juzuu ya Amma amekutana na neno dharra. Ustadhi wetu alikuwa akilieleza kwa kutuonyesha vumbi linaloelea katika mwale wa jua unaoingia dirishani. Wapo wanaolifasiri kwa sisimizi mdogo kabisa. Sasa, hata lile vumbi la dirishani ni jitu mbele ya chembe za nano. Chukua mita moja uigawe vipande bilioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000. Seli moja nyekundu ya damu ina upana wa kama nanomita 7,000. Chembe za nano ni zile ambazo kwa kawaida zina ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Hazionekani kwa macho, wala kwa darubini ya kawaida tuliyo nayo zahanati kwa ajili ya malaria.

Kitu chenye udogo huo kikiingizwa kwenye damu kinasafiri mahali ambapo kitu kikubwa hakifiki. Ukubwa wake pia ndio unaoamua mwisho wake. Zile ndogo sana, za chini ya nanomita 6 hivi, zinachujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Zilizo kubwa kuliko hapo hukamatwa zaidi na ini na wengu. Kwa hiyo wanasayansi hawatengenezi chembe hizi kwa kubahatisha, maana tofauti ya nanomita chache tu inabadilisha njia nzima.

Na mambo haya si ndoto. Dawa ya saratani iitwayo Doxil, ambayo imefungwa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta vya kiwango cha nano, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995. Mwaka 2005 ikaruhusiwa Abraxane, hiyo ikiwa ni kwa saratani ya matiti hasa. Lakini hizo ni dawa za kutibu. Leo tunazungumzia nano za kupiga picha, yaani za kumsaidia daktari auone ugonjwa ulipo.

Chembe inayotafuta mlango wake

Seli ya saratani inatokana na seli zetu wenyewe, ndiyo maana ni vigumu kuitofautisha. Hata hivyo nyingine zina alama. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, mfano wa vitasa vya milango. Kimojawapo kinaitwa HER2. Seli za kawaida za titi zinacho, lakini kidogo. Katika saratani za matiti, kama 15 hadi 20 katika kila 100 zina HER2 kwa wingi uliopita kiasi. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu dawa ya Herceptin, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa makusudi ili ing'ang'anie kitasa hicho. Imewasaidia wanawake wengi sana.

Watafiti wakajiuliza: ikiwa kingamwili hii inajua njia ya kufika kwenye seli mbaya, kwa nini tusiifunge kwenye chembe inayoonekana kwenye picha? Wakachukua chembe za oksidi ya chuma, jamaa ya kutu unayoiona kwenye bati, wakazifunika kwa utando laini ili damu isizikatae, na juu yake wakapachika kingamwili. Chembe ikipita jirani na seli yenye HER2 nyingi inanasa. Zikinasa nyingi mahali pamoja, mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa yenye nguvu, inaona pale pamekuwa peusi. Hii ndiyo maana ya nano "zilizolengwa": zimepewa anwani, ingawa, kama tutakavyoona, nyingi hazifiki kwenye anwani hiyo.

Kwa nini picha zaidi ya moja kwa pamoja

Hapa ndipo penye uhondo wa elimu hii, nami naomba mnivumilie kidogo.

Tuseme kuna moto umeanza mahali fulani mtaani. Mtu mmoja ana ramani nzuri inayoonyesha kila nyumba, kila chumba na kila ukuta, lakini ramani haimwambii moto uko wapi. Wa pili ana pua kali. Ananusa moshi mdogo kabisa na kusema moto uko nyumba zile pale, lakini chumba hasa hakijui. Wa tatu ana kurunzi. Akishaingia ndani anaona kila kitu waziwazi, lakini mwanga wake haupenyi ukuta.

MRI ndiyo ramani. Inaonyesha maumbile ya titi vizuri sana, ila inahitaji chembe nyingi zikusanyike ndipo ione tofauti. Kipimo cha PET, kinachotumia dawa yenye mionzi kidogo, ndicho pua. Kinagundua kiasi kidogo mno, lakini picha yake ina ukungu, na vitu vya milimita chache vinachanganyika. Rangi maalumu zinazong'aa zikimulikwa ndizo kurunzi. Zinamfaa daktari wa upasuaji akiwa ameshafungua, kwa sababu mwanga hauendi mbali ndani ya nyama.

Ukimpiga mgonjwa picha hizi tatu kwa dawa tatu tofauti, kila dawa inakwenda njia yake, na huwezi kuwa na uhakika kwamba doa la picha hii ndilo doa la picha ile. Chembe ya nano, pamoja na udogo wake, ina nafasi ya kubeba vyote. Chuma kinakaa katikati kwa ajili ya MRI, na juu ya utando hupachikwa kidonge cha mionzi kwa ajili ya PET, rangi ya kung'aa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na kingamwili ya kuonyesha njia. Chembe ni moja, safari ni moja, na picha zote zinaelekeza mahali pamoja. Faida kubwa ni kwa daktari wa upasuaji: anaweza kupanga kazi kwa kutazama picha za jana, na leo akiwa na kisu mkononi akaona mpaka wa ugonjwa unang'aa, akatoa kibaya bila kuacha mabaki na bila kukata titi zima pasipo sababu.

Wamefika wapi

Sasa niseme kweli, maana hapa ndipo wafanyabiashara wanapolikata neno katikati.

Sehemu kubwa ya kazi hii ya nano zilizolengwa kwa saratani ya matiti imefanyika kwenye vibakuli vya maabara na kwa panya. Hadi ninapoandika, mamlaka ya dawa ya Marekani haijaruhusu chembe yoyote ya nano ya aina hiyo itumike kupiga picha hospitalini kama kipimo cha kawaida.

Kwa binadamu, mfano unaojulikana zaidi ni wa chembe za silika zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Cornell, New York. Silika ndiyo asili ya mchanga na kioo. Zina ukubwa wa nanomita 6 au 7 hivi, ndani zina rangi ya kung'aa, na nje zimewekewa kipande cha protini cha kutafuta seli za saratani pamoja na iodini yenye mionzi. Serikali ya Marekani iliruhusu zianze kujaribiwa kwa watu mwaka 2011. Matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2014: wagonjwa 5 tu, tena wa saratani ya ngozi, si ya matiti. Chembe zilitoka zaidi kwa mkojo na hazikuwadhuru. Ni habari njema, lakini ni watu 5.

Kuna na kikwazo kingine kikubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya majaribio ya wanyama ya miaka kumi wakapiga hesabu ya dawa ya nano iliyofika kwenye uvimbe wenyewe. Wastani ulikuwa asilimia 0.7. Yaani ukidunga chembe elfu moja, saba ndizo zinazofika, na nyingi katika zilizobaki huishia kwenye ini na wengu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema nano yake "inakwenda moja kwa moja kwenye kansa", jua kwamba wenye maabara za mamilioni bado wanahangaika na saba katika elfu.

Sumaku ambayo tayari inatumika

Ipo nano moja ya chuma ambayo imeshaingia hospitalini kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, nami naipenda habari yake kwa sababu inagusa maisha ya mama nyumbani.

Saratani ya titi ikitaka kusafiri, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi za kwapani. Zamani wapasuaji walizitoa tezi zote ili kuwa salama. Lakini tezi hizo ndizo zinazopitisha maji ya mkono. Ukizitoa zote, baadhi ya wanawake mkono huvimba na kuwa mzito, na uvimbe huo unaweza kukaa maisha. Fikiria mama ambaye hawezi kutwanga, hawezi kubeba mtoto kwa mkono ule, hata kukunja mkono wa baibui achukue wudhu ni taabu.

Ndipo ikagunduliwa njia ya kutafuta tezi ya mlangoni tu, ile ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye titi. Ikitolewa na kupimwa ikaonekana safi, zilizo nyuma yake huachwa. Kwa miaka mingi tezi hiyo imetafutwa kwa kudunga dawa yenye mionzi pamoja na rangi ya buluu. Taabu ni kwamba ile dawa ya mionzi, teknishiamu, hupungua nusu kila baada ya saa 6. Lazima iandaliwe karibu na itumike mapema, na hospitali isiyo na idara ya tiba ya nyuklia haiwezi.

Mafundi cherehani wanajua pini zikimwagika huokotwi moja moja, unapitisha sumaku. Hicho ndicho walichofanya. Chembe za nano za oksidi ya chuma hudungwa kwenye titi, zinasafiri na maji hadi tezi ya kwanza na kunasa pale. Daktari anapitisha kifaa mfano wa kalamu nene juu ya kwapa, nacho kinalia kikikaribia chuma. Katika jaribio la Uingereza na Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014, wanawake 160 walipimwa kwa njia zote mbili. Njia ya zamani iliipata tezi kwa wanawake 152, ya sumaku kwa 151. Dawa hiyo, kwa jina Magtrace, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018.

Ina kasoro zake. Inaweza kuacha doa la kahawia kwenye ngozi kwa miezi mingi, na chuma kilichobaki kinaharibu picha za MRI za titi hilo baadaye. Tena chembe hizi hazikulengwa, zinanasa kwa sababu ya ukubwa wao tu. Lakini mnaona tofauti? Hapa kuna idadi ya wagonjwa, kuna mwaka, kuna kasoro zilizotajwa hadharani. Ile karatasi ya rangi ya yule mfanyabiashara haikuwa na kasoro hata moja.

Kinundu hupimwaje leo

Nano ya kweli ya kupiga picha inadungwa mwilini, kisha picha inapigwa, mara nyingi kwa mashine inayojaza chumba. Hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoona ndani ya titi. Hata hizo chembe za Marekani zikikamilika kesho, zitaonyesha mahali pa kuchukua kinyama. Kinyama chenyewe bado kitahitaji kuwekwa chini ya darubini.

Kwa hiyo mama, dada au shangazi mwenye kinundu leo anahitaji mambo matatu: mkono wa mtaalamu umpapase titi na kwapa, picha ya ultrasaundi au mamografia, na kinyama kidogo kichukuliwe kwa sindano kipelekwe maabara. Maabara itasema ni saratani au la, na kama ndiyo, itapima vipokezi vyake, pamoja na hicho HER2, ili tiba ichaguliwe. Vinundu vingi si saratani. Lakini macho hayajui, vidole havijui, na mimi pia sijui mpaka kinyama kipimwe.

Ama kuhusu ile hofu kwamba sindano inasambaza ugonjwa, naisikia kila wiki, hata kwa watu waliosoma. Wanawake wanaochukuliwa kinyama hawafi zaidi kwa sababu ya sindano. Ninachokiona mimi ni kwamba wengi wanakuja kupimwa wakiwa wamechelewa, uvimbe umeshasambaa wenyewe, kisha sindano ndiyo inayolaumiwa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Mama yule alikuwa ameshamaliza siku zaidi ya mia na chupa tatu. Mwaka 2022 saratani hii iliua watu 670,000 duniani, katika wagonjwa wapya milioni 2.3.

Suala la stara nalo linawarudisha wengi nyumbani. Una haki ya kuomba upimwe na mtaalamu wa kike. Akikosekana, omba muuguzi wa kike, mumeo au ndugu yako awepo chumbani, na ufunuliwe pale panapohitajika tu. Wanazuoni wameruhusu hilo kwa haja ya tiba. Mimi mwenyewe sipimi titi bila muuguzi wa kike pembeni, na sijawahi kuona mgonjwa akichukia. Na akina baba msidhani mada hii haiwahusu: wanaume nao hupata, japo hawafiki hata mmoja kati ya wagonjwa mia. Isitoshe, nyumba nyingi mwenye nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ni baba.

Yule mama nilimpapasa mbele ya muuguzi na binti yake. Kinundu kilikuwa kigumu, hakichezi, na kwapani kulikuwa na tezi moja niliyoigusa. Nikamwandikia rufaa siku hiyo hiyo. Alisita, akaniuliza kama chupa ya tatu aimalize kwanza kwa kuwa imeshalipiwa. Nikamwomba aiache kwangu. Binti yake alinipigia simu Jumanne kwamba kinyama kimechukuliwa, mama hakulia, na kidonda ni kama cha sindano ya kawaida. Majibu tunayasubiri.